Betri ya mashine haijai chaji? Pima kwanza, usikimbilie kununua nyengine

Assalam alaykum wavuvi wenzangu na wenye boti. Nataka tuzungumze kitu ambacho naulizwa sana hapa Wesha, Pemba, mtu anakuja kabeba betri mkononi anasema hii imekufa nataka nyengine, ukimuuliza umepima nini anakwambia sijapima kitu, mashine imekataa kuwaka tu. Na mie namuelewa kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nimetia nanga upande wa nje wa kisiwa cha Misali, saa nane usiku, kusi limeshaanza kuamka, nabonyeza selfu (mota ya kuwashia) inalia tak tak tak na taa zote zinafifia. Ile mashine ni ya farasi 40, ina sehemu ya kufunga kamba ya dharura juu ya gurudumu la sumaku, tukavua kifuniko tukavuta kamba kwa zamu mpaka ikawaka, lakini nikajiuliza je ningekuwa na abiria, je upepo ungekuwa mkali zaidi? Nikarudi nikanunua betri mpya. Miezi mitano tu nayo ikawa vile vile, nikanunua ya pili. Mwisho tatizo likaonekana ni boliti moja ya ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye mwili wa mashine, imejaa ule unga mweupe wa chumvi, ukiitazama kwa juu huioni. Msasa na grisi, dakika kumi, na ile betri ya pili mpaka leo iko kwenye chombo.

Kwa hiyo nawaomba sana, betri ndo kitu cha mwisho kununua. Mita ya kupimia umeme ya bei ndogo kabisa pale Darajani au Chake itakwambia ukweli wote, na vipimo vyenyewe ni vichache.

Umeme unatoka wapi

Chini ya lile gurudumu kubwa juu ya mashine, ndani yake kuna sumaku, na chini ya sumaku kuna koili zimezungushiwa waya wa shaba. Gurudumu likizunguka sumaku zinapita juu ya koili na umeme unazaliwa, lakini huo ni umeme wa AC, unakwenda na kurudi, betri haiwezi kuula. Ndo ukapita kwenye kidude kinaitwa rektifaya kinaugeuza kuwa DC, na mashine nyingi za kisasa hicho kidude kina regyuleta ndani yake pia, yaani kinauzuia usizidi. Kutoka hapo unapita kwenye fyuzi, nyingi ni ya ampea 20, halafu waya mwekundu mpaka betri, na unarudi kwa waya mweusi kwenye mwili wa mashine. Mnyororo wote ndo huo: koili, rektifaya, fyuzi, waya, betri, ethi. Kazi yetu ni kutafuta wapi umekatika.

Kabla ya yote hakikisha mashine yako ina chaji kweli. Hizi za farasi 8 au 15 za kuvuta kamba, nyingi hazina koili ya chaji kabisa, au zina koili ya taa tu inayotoa AC bila rektifaya. Nimeona mtu kaunga waya za taa moja kwa moja kwenye betri anashangaa haijai, haiwezi kujaa mpaka utie rektifaya katikati, na unaweza kuiharibu betri na waya zenyewe. Mashine ya kubonyeza selfu karibu zote zina chaji.

Vifaa

Mita ya dijitali, spana za kufaa boliti zako, msasa laini, brashi ya waya, mswaki wa zamani, magadi ya kuokea, maji ya betri, grisi au vaselini, fyuzi mbili tatu za ziada za ukubwa ule ule. Basi.

Na usalama usifanye mchezo. Betri ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja tu inalipuka na asidi inakurukia usoni, kwa hiyo fungua sehemu ipate hewa, usivute sigara, na tangi la petroli liweke mbali. Ukifungua betri anza na waya wa hasi, ukifunga malizia na hasi. Vua pete na saa ya chuma. Mashine ukiiwasha iwe ndani ya maji au kwenye pipa lililojaa, hakikisha inakojoa maji, vinginevyo unaua pampu ya maji kwa kutafuta tatizo la betri. Na gia iwe nyutro muda wote.

Hatua ya 1: macho na mikono

Hapa ndo nataka ukae sana kwa sababu kwa bahari yetu hii matatizo mengi yanaishia hapa hapa. Chumvi inaingia kila pahala, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na boti zetu nyingi betri imewekwa nyuma kwenye tezi pale pale maji yanapojikusanya kabla hujayafua.

Shika kila kichwa cha waya kwenye betri ukizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, ushapata kitu. Zile nati zenye mabawa za kukaza kwa vidole ndo adui mkubwa, boti inapiga mawimbi kutwa zinalegea zenyewe, zitoe uweke nati za kawaida za spana zenye plastiki ndani hazifunguki kirahisi. Halafu angalia kijani na unga mweupe. Changanya magadi kidogo na maji, mwagia kwenye vichwa, itatoa povu, sugua na mswaki, suuza, kausha, lakini chunga yale maji yasiingie ndani ya betri kwenye vifuniko vyake maana magadi yanaua asidi. Kisha msasa mpaka uone risasi (kile chuma cha kichwa cha betri) inang'aa, funga kwa nguvu, NDO upake vaselini juu. Usipake kabla ya kufunga.

Sasa fuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye mashine, fungua ile boliti hata kama kwa macho iko sawa, sugua chini yake. Ndo iliyonila pesa zangu mie. Na waya mwekundu vile vile pale unapoingia kwenye mashine.

Halafu zikunje waya. Sehemu iliyokuwa ngumu kama kijiti au iliyovimba, ndani imeoza, shaba imekuwa nyeusi, menya kidogo utaona. Waya wa gari wa kawaida haudumu baharini, ukipata ule wa shaba iliyopakwa bati ndo wenyewe. Na viungio vya kusokota na kuzungushia tepu, nakuomba uvitoe vyote, tepu inaweka maji ndani haiyatoi.

Hatua ya 2: pima betri ikiwa imelala

Mita weka DC volti 20. Betri iwe imekaa masaa kadhaa bila kuchajiwa, ama kama huna muda washa taa dakika mbili kisha zima, hii inaondoa chaji ya juu juu inayodanganya. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, gusa risasi yenyewe ya betri sio kichwa cha waya.

12.6 au 12.7 imejaa. 12.2 iko nusu. 12.0 imeshuka sana, kama robo tu. Chini ya 11.8 imekwisha, na ikikaa hivyo siku nyingi sahani za ndani zinaganda salfa na hairudi tena. Ikiwa ni betri ya kufungua vifuniko, angalia maji, yawe juu ya sahani, ongeza maji ya betri tu, sio ya kisima sio ya bomba, wala usiongeze asidi.

Kama iko chini, ichaji kwanza na chaja ya umeme wa nyumbani mpaka ijae. Betri ya N70 (ya ampea-saa 70 hivi) chaja ya ampea 5 mpaka 7 inatosha, ukilazimisha ampea nyingi inachemka. Halafu iache usiku kucha bila kuunga kitu. Ikiamka asubuhi na 12.6 ni nzima. Ikiamka na 12.1 au chini yake ilhali haikufungwa popote, hapo ndo betri ina kosa kweli. Na kipimo kimoja zaidi, mtu mwengine abonyeze selfu wewe tazama mita: ikishuka chini ya 9.6 wakati selfu inazunguka na betri ilikuwa imejaa, imechoka.

Usiruke hatua hii. Ukipima chaji ya mashine kwa betri mbovu kila namba itakudanganya.

Hatua ya 3: washa mashine, pima tena

Vipimo vitatu, pale pale kwenye betri. Cha kwanza kabla ya kuwasha, tuseme 12.5. Cha pili ikiwa silensa, yaani inazunguka polepole bila kuipandisha. Cha tatu ipandishe taratibu mpaka kama mizunguko 1500 au 2000 hivi, usiipandishe zaidi maana haina mzigo.

Ikipanda kati ya 13.8 na 14.5 mashine inachaji vizuri, tatizo lako ni jengine, shuka kule chini nilipoandika kuhusu matumizi na kuhusu umeme unaovuja. Silensa ikiwa 12.8 au 13 hivi usiogope, mashine nyingi zinachaji kidogo sana zikiwa polepole, ndo maana mtu anayevuta mshipi kutwa kwa mwendo wa kobe betri yake inashuka.

Ikibaki 12.5 au inashuka, hamna chaji inayofika. Endelea hatua ya 4.

Ikipanda 15 na kuendelea, regyuleta imeharibika au mashine yako ni ya zamani haina regyuleta kabisa. Hapo utaona maji ya betri yanakauka haraka, betri ya moto, inanuka kama mayai mabovu, na vifaa kama GPS vinaungua. Usiendelee kutumia hivyo.

Sasa jambo moja kubwa. Kuna wanaopima chaji kwa kuchomoa kichwa cha betri mashine ikiwa inanguruma, eti ikiendelea kuwaka inachaji. USIFANYE. Betri ndo inayouzuia umeme usiruke juu, ukiichomoa volti zinapanda ghafla na rektifaya inaungua hapo hapo. Vile vile swichi kubwa ya betri, usiizime mashine ikiwa inawaka. Na kubadilisha chanya na hasi hata sekunde moja, rektifaya kwaheri. Ukisikia boti imekuwa haichaji tangu siku ilipobadilishwa betri usiku wa giza, anza kuishuku rektifaya.

Hatua ya 4: fyuzi na njia

Zima mashine. Fyuzi iko chini ya kifuniko cha mashine, mara nyingi karibu na selfu, itoe usiitazame kwa macho tu, pima kwa mita sehemu ya mlio, iliye nzima inalia. Angalia na nyumba yake, kutu ya pale inafanya fyuzi nzima isipitishe kitu. Na ikiungua mara mbili usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, tafuta waya uliochubuka unaogusa mwili.

Halafu kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Washa mashine, mizunguko 2000, mita DC. Nyekundu weka pale waya mwekundu mnene unapoingia kwenye mashine, nyeusi weka kwenye CHANYA ya betri. Ndio, chanya na chanya. Namba inayotoka ni volti zinazopotea njiani. Ikiwa 0.1 au 0.2 njia safi. Ikizidi 0.3 kuna kiungio kibovu katikati. Fanya hivyo hivyo upande wa pili, chuma cha mashine kilicho wazi na hasi ya betri. Mie nilipata 1.4 upande wa hasi, yaani mashine ilikuwa inatoa 14 na betri inapokea 12.6, kutwa kucha, na mie nalaumu betri.

Hatua ya 5: koili

Njia ni safi lakini hamna chaji, sasa ingia ndani. Tafuta waya zinazotoka chini ya gurudumu kwenda kwenye rektifaya. Kwenye Yamaha nyingi ni mbili za kijani, kwenye Mercury nyingi ni za njano. Hakikisha ni hizo, kwa sababu kuna koili nyengine ya moto wa plagi inayokwenda kwenye CDI (kidude cha moto wa plagi) na ile inatoa mamia ya volti, usiiguse.

Mashine ikiwa imezimwa chomoa zile waya mbili. Pima ukinzani baina yao kwa sehemu ya omu: iwe ndogo sana, mara nyingi chini ya omu 1 au juu yake kidogo, namba yenyewe iko kwenye kitabu cha mashine yako. Gusanisha kwanza ncha za mita uone mita yenyewe inasoma ngapi kisha utoe hiyo. Ikionesha OL, yaani umeme haupiti, koili imekatika. Halafu pima kila waya na mwili wa mashine, pasiwe na mlio kabisa, ukilia koili imechubuka inagusa chuma.

Kisha mita AC, washa mashine, pima baina ya waya mbili zikiwa bado zimechomolewa, na vidole viwe mbali. Volti zipande kadiri unavyopandisha mwendo. Zikipanda vizuri koili nzima. Zikikaa chini hazitikisiki, koili imekufa au sumaku imebanduka, hapo gurudumu lazima litoke na linahitaji pula, kifaa chake maalumu cha kulivutia, usiligonge nyundo, mpe fundi. Mashine kubwa kubwa zina waya tatu za rangi moja badala ya mbili, pima jozi zote tatu, namba zinatakiwa zikaribiane.

Hatua ya 6: rektifaya

Koili nzima, njia nzima, fyuzi nzima, chaji hamna: ni rektifaya, hajabaki mwengine. Rektifaya ya kawaida unaweza kuithibitisha kwa mita kwenye alama ya dayodi, kila waya wa koili na ule mwekundu: upande mmoja isome kama 0.4 mpaka 0.7, ukigeuza ncha isome OL. Ikisoma pande zote mbili au isisome popote imekufa. Zilizounganishwa na regyuleta hazipimiki hivyo kwa uhakika, hizo fuata kitabu. Ukinunua mpya chukua inayofanana namba na ile ya zamani, na unapoifunga sugua pale inapokaa kwenye chuma, kwa sababu nyingi zinapoa kupitia pale pale na nyengine ethi yake ni pale pale.

Mashine inachaji lakini ukikaa siku tatu betri imekwisha

Kuna kitu kinakunywa. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi, mita weka ampea 10 na ncha nyekundu ihamishie kwenye tundu la 10A, unganisha mita baina ya hasi ya betri na ule waya. Usibonyeze selfu hapo, utaiunguza mita. Ikizidi ampea 0.05 anza kutoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, ile iliyoshusha ndo njia yenye mvujaji. Pampu ya kutolea maji yenye swichi ya kuelea ndo wa kwanza kumshuku, wa pili ni redio na sehemu ya kuchajia simu.

Wale wa dagaa na wa dago (kambi za wavuvi), someni hapa

Mara nyengine hamna kitu kibovu, ni hesabu tu. Taa za LED za wati 60 zinakula ampea 5. Ukikesha masaa 8 ni ampea-saa 40. Betri ya N70 haifai kuitumia zaidi ya nusu yake, yaani 35 hivi, kwa hiyo alfajiri umeshaivuka. Sasa mashine yenye chaji ya ampea 6, umekwenda saa moja na kurudi saa moja kwa mwendo mzuri, umerudisha 12 kama imejitahidi. Kila usiku unakopa zaidi ya 25 hulipi. Wiki haifiki betri imekwisha na hata ununue kumi zitakufa zote.

Dawa yake ni kutenganisha. Betri moja ya selfu peke yake isiguswe na taa, na nyengine ya taa, bora iwe ile ya kutumika taratibu kama za sola. Paneli ya wati 50 na kontrola yake inatoa kama ampea 3 jua likiwa kali, nayo kwa jua letu siku nzima inarudisha sehemu ya deni. Vijana wa Kojani nimewaona wanafunga paneli dagoni pale pale ufukweni wanapoanika nyavu, betri ya taa inapanda nayo wanapolala mchana.

Ukimaliza yote, andika namba zako kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku la betri: imelala ngapi, silensa ngapi, mizunguko 2000 ngapi, na tarehe. Mwezi ujao pima tena. Mie pale kwangu leo ni 12.7, 13.1 na 14.2, ikishuka 13.6 tu najua kuna pahala chumvi imeanza kuingia, nachukua msasa kabla sijatoka Wesha.